Usisubiri Amalize Mtihani: Maswali na Majibu kuhusu Hofu na Kutojiamini kwa Watahiniwa

Matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yakishatoka, wanafunzi wa kidato cha nne huanza kumiminika kwenye kituo chetu cha afya. Kichwa kinauma, tumbo linakoroga, moyo unakwenda mbio. Tunapima malaria, hakuna. Ukimkalisha kijana pembeni bila mzazi ukamuuliza analalaje, ndipo maneno yanatoka: "Nasoma lakini hakuna kinachoingia. Mimi sifai." Maswali haya ndiyo tunayoulizwa kila mwaka, na wanafunzi wenyewe na wazazi wao.

Kutojiamini ni ugonjwa?

Peke yake, hapana. Mtihani wa taifa wa Novemba ndio unaoamua nani aende kidato cha tano, kwa hiyo kuogopa ni jambo la kawaida. Kunageuka ugonjwa pale hofu inapomnyima mtu usingizi, chakula na uwezo wa kusoma, siku baada ya siku. Ikifika wiki mbili hali ni hiyo hiyo, huyo anahitaji mtaalamu.

Mbona napiga msuli usiku kucha lakini nasahau kila kitu?

Kwa sababu unapiga msuli usiku kucha. Ubongo huhifadhi ulichosoma wakati umelala, na kijana wa umri wako anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukikesha unasoma kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine.

Alikuja binti nyayo zimekunjamana na kuwa nyeupe, kwa sababu kila usiku alisoma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie. Daftari lake la Biolojia lilikuwa limepigiwa mstari karibu kila sentensi. Nilimwomba alifunge anieleze kazi ya figo. Akababaika, akaanza kulia: "Umeona? Kichwa changu kizito." Kichwa chake hakikuwa na tatizo lolote. Alikuwa analala muda wa saa tatu tu kwa usiku.

Na hiyo mistari nayo ina udanganyifu wake. Ukipitia ukurasa ule ule mara kumi unauzoea, ukadhani unaujua. Soma kidogo, funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe. Fanya karatasi za mitihani iliyopita huku saa ikiwa mezani. Utakosea mwanzoni, na hapo ndipo utakapojua cha kurudia. Mtu anayejipima hivyo ana ushahidi wa anachokijua, wala hahitaji kubishana na moyo wake kama anafaa au hafai.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu je?

Acheni. Tunawaona wanaolamba unga wa kahawa mkavu, wanaotafuna buni, wanaomaliza makopo mawili kwa usiku mmoja. Kafeini ya saa nne usiku, karibu nusu yake bado iko mwilini saa tisa alfajiri. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, na kijana anaona huo ndio woga wenyewe, kumbe ni kopo alilokunywa.

Nimeshauriwa ninunue vidonge vya kutuliza duka la dawa.

Usinunue. Diazepamu inakulegeza na kuvuruga kumbukumbu, kitu kile kile unachokitafuta. Propranololi inaweza kumbana mwenye pumu hadi ashindwe kupumua. Dawa hizi huandikwa na mtu aliyekupima, si rafiki wa bwenini.

Mimi ni mzazi. Nimwambieje?

Kwanza acha kumwambia kwamba mtoto wa jirani alipata wani ya saba, yaani daraja la kwanza la juu kabisa. Hakuna kijana tuliyewahi kumwona ambaye sentensi hiyo ilimsaidia. Mwulize amelala? Amekula? Somo gani linamsumbua? Kisha nyamaza umsikilize.

Hali yake imebadilika, lakini mtihani umekaribia. Tusubiri amalize ndipo tumlete?

Hapana. Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, kwa hiyo nalirudia: hapana, msisubiri amalize mtihani. Mtoto akiacha kula, akijitenga na wenzake, akilia bila sababu inayoeleweka, akianza kugawa vitu vyake, mleteni wiki hiyo hiyo. Mnadhani mnamlindia mtihani, lakini mgonjwa asiyelala hafaulu. Na mkichelewa, kinachopotea kinaweza kuwa kikubwa kuliko cheti.

Wazazi wengi hawajui kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa mtahiniwa aliyeugua akashindwa kufanya masomo yote au mengi. Matokeo yake huzuiwa na hupewa nafasi ya kufanya mtihani mwaka unaofuata. Mkuu wa shule ataeleza vielelezo vya hospitali vinavyotakiwa. Mtihani unaweza kungoja mwaka. Mtoto hawezi kungoja.

Anasema "bora nife". Si anatafuta huruma tu?

Hapana, na msimpuuze hata kidogo. Mleteni leo. Si Jumatatu, si baada ya karatasi ya Hisabati. Leo.

Mwulizeni waziwazi, "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Msimwache peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shamba na vidonge vyote vya nyumbani vifungieni. Msimkaripie, wala msimwambie anawatia aibu. Walimu wa bweni nanyi: kauli kama hiyo ikisikika msianze na adhabu. Pigeni simu nyumbani, mmpeleke hospitali.

Tunaona ni majini. Tumeanza na maombi.

Ombeni, na mje. Siku hiyo hiyo. Hakuna atakayewazuia kumwombea akiwa kitandani hospitalini, lakini wiki tatu za kuzunguka huku na huku ndizo zinazotuletea watoto wakiwa hoi.

Akili ikiganda ndani ya chumba cha mtihani?

Weka kalamu chini. Vuta pumzi, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, mara tano au sita. Ruka swali lililokukwamisha, anza na unaloliweza. Kumbukumbu nyingi hurudi zenyewe ukishaanza kuandika.

Twende wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba tatizo ni mawazo na usingizi, usije ukapimwa malaria ukarudishwa nyumbani. Tukiona ni zaidi ya uwezo wetu tutaandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mwanafunzi asiye na wa kumwambia apige 116, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Na kama amesema anataka kufa, usianze kupiga hesabu ya nauli. Azima kwa jirani, mje sasa hivi.