Dakika 60 za jopo la waandishi zinakwenda wapi?

Kikao cha kawaida cha tamasha la fasihi ni saa moja. Ndivyo ilivyo Edinburgh, Uskoti, ambako tamasha la vitabu lilianza 1983, na waandaaji wengi wa huku kwetu hutumia kipimo hichohicho. Piga hesabu kabla hujaalika mtu. Watu kuingia na kutulia, dakika 5. Utambulisho, 5. Maswali ya hadhira, 15, na hizi zisiguswe. Waandishi 3 wakisoma dakika 3 kila mmoja, 9 zimekwenda. Mazungumzo yamebakiwa na dakika 26, yaani hata 9 kwa kila mwandishi hazifiki.

Sasa weka waandishi 5. Kusoma kunakula 15, mazungumzo yanabaki 20, kila mmoja 4. Kwa dakika 4 mtu hutaja kitabu chake na kushukuru walioandaa, basi. Nashikilia kwamba jopo lisizidi waandishi 3 na mwongozaji. Wa nne na wa tano huongezwa kwa kuona haya kumwacha mtu. Afadhali apewe nusu saa yake peke yake.

Wasifu wa kila mwandishi uwe sentensi mbili. Tuzo na shahada zichapwe kwenye ratiba. Kipande cha kusoma kichaguliwe nyumbani: dakika 3 ni kama maneno 300 ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu. Mwanzo na mwisho vitiwe alama kwa penseli. Chagua mahali watu wanaposemezana, maana maelezo marefu ya mandhari hayashikiki kwa masikio.

Mwongozaji asome vitabu vyote, si jalada la nyuma. Siku chache kabla awapigie waandishi simu na kuwaeleza mada, lakini maswali yenyewe asiwape. Wakishayajibu kwenye simu, jukwaani utasikia "kama nilivyosema awali" wakati hadhira haikusikia lolote. Na swali litoke ndani ya kitabu: "Kwa nini mama huyu hatajwi jina mpaka sura ya mwisho?" linafungua mengi kuliko "Ulianzaje kuandika?"

Suala la lugha linaniuma zaidi. Tangu 2014 tuna tuzo ya Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, kwa miswada ya Kiswahili, lakini mwandishi wa Kiswahili bado huketishwa kwenye jopo la Kiingereza na kuonekana mzito wa maneno. Amua mapema. Ukalimani wa kupokezana, mwandishi aseme kisha mkalimani, unakula karibu nusu ya muda, kwa hiyo punguza jopo liwe na waandishi 2. Ukalimani wa papo kwa papo unataka kibanda, vifaa vya masikioni na wakalimani 2 wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, maana akili huchoka na makosa huongezeka. Kumwomba mwanajopo mwenzake atafsiri ni kumwonea: hatasikiliza wala hatazungumza vizuri.

Jukwaani, kila mtu awe na maiki yake. Maiki moja ya kupitishwa huua mabishano, kwa kuwa kila jibu linageuka hotuba. Spika zisiwe nyuma ya waandishi: maiki itanasa sauti yake yenyewe, izidishe, na ukumbi utasikia mluzi. Epuka sofa za kuzama, mtu akijikunja pumzi hubanwa na sauti hufifia. Panga viti kwa upinde, mwongozaji akae pembeni aone nyuso zote.

Kwenye maswali, msaidizi aishike maiki mwenyewe, asimkabidhi muulizaji. Ni njia ya adabu ya kukatisha hotuba. Pokea swali moja moja. Ukikusanya matatu, mwandishi hujibu jepesi na kuyasahau mengine. Zikibaki dakika 5, msaidizi wa safu ya mbele amwonyeshe mwongozaji kadi yenye namba kubwa.

Meza ya kutia sahihi iwe kwenye njia ya kutokea, nje ya ukumbi, la sivyo kikao kinachofuata kitachelewa. Foleni imfikie muuza vitabu kabla ya mwandishi, namba ya malipo ya simu ikiwa imebandikwa mahali pa kuonekana. Wanaopanga foleni wapewe vikaratasi waandike majina yao, ili mwandishi asiulize "Aisha au Asha?" kila mara.