Nani Anaruhusiwa Kujua Mwenye Kikoa?

Na Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kampuni ya usajili wa vikoa, Dar es Salaam

Tangu sera mpya ya taarifa za usajili ya ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu vikoa (majina ya tovuti kama yale ya .com), ianze kutumika kikamilifu tarehe 21 Agosti 2025, dawati letu linapokea malalamiko ya namna mbili. Wapo wanaosema tunawadai taarifa nyingi mno, na wapo wanaosema tunawaficha matapeli. Wote wanaitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wengi hawajaisoma.

Kwa wale wa kwanza: sheria hiyo haimpi mtu haki ya kusajili kikoa kwa jina la kubuni. Inamtaka mkusanyaji achukue taarifa zinazohitajika tu kwa lengo lililoelezwa, na ahakikishe ni sahihi. ICANN nayo inadai usahihi huohuo kwa .com, .org na wenzao. Ndani ya siku 15 baada ya usajili, barua pepe au simu ya mmiliki lazima ithibitishwe, la sivyo kikoa kinasimamishwa. Ukiutilia shaka ujumbe wa uthibitisho, tupigie uulize. Kuupuuza, kisha kutulaumu tovuti ikizimika, hakusaidii.

Mgongano wa kweli ulikuwa kwenye kuchapisha. Kwa miaka mingi WHOIS, huduma ya umma ya kutafuta mwenye kikoa, ilimwonyesha yeyote jina, anwani na simu ya aliyesajili. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi (GDPR) ilipoanza tarehe 25 Mei 2018, ICANN ilikuwa imetoa maelekezo ya muda ya kuzificha taarifa hizo siku chache tu kabla. Mwezi huohuo ikamfikisha mahakamani huko Bonn msajili wa Ujerumani, EPAG, aliyegoma kukusanya taarifa za wasimamizi wa utawala na wa ufundi wa kila kikoa. Mahakama ikakataa kumlazimisha. Sera ya sasa imeelekea hukohuko: taarifa za msimamizi wa utawala hazikusanywi tena. Kama fomu ya wakala wako bado inazidai, muulize za nini.

Muulize pia zinakwenda wapi. Mawakala wengi wa hapa huuza .com kupitia wasajili wa nje, maana yake jina na simu yako vinavuka mpaka. Sheria yetu ina masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na wakala hawezi kuyakwepa kwa kusema mfumo si wake. Kwa .tz hali ni tofauti, kwa kuwa iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Tafadhali msituletee sera ya ICANN kudai jambo la .co.tz.

Sasa wanaotaka majina. Kufichwa kwa taarifa kwenye utafutaji wa umma hakumaanishi hatunazo. Kwa vikoa vya kimataifa, ombi la kufichuliwa liwe na utambulisho na mawasiliano ya mwombaji, msingi wa kisheria wa ombi, orodha ya taarifa zinazotakiwa, tamko kwamba linatolewa kwa nia njema, na ahadi ya kuzitumia kihalali. Likikamilika, tunathibitisha kulipokea ndani ya siku mbili za kazi na kulijibu ndani ya siku 30. Jibu linaweza kuwa hapana. "Huyu ni tapeli, kila mtu anajua" si msingi wa kisheria.

Tahadhari yetu ina sababu. Mtu anayetoa taarifa binafsi bila uhalali anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Mfanyakazi wangu hataingia huko kwa sababu mteja amepandisha sauti kwenye simu.

Aliyetapeliwa, kwa kawaida, hahitaji jina kutoka kwetu. Anahitaji tovuti izimwe, na hilo halidai kumfichua mtu. Tangu tarehe 5 Aprili 2024, mikataba ya ICANN inawabana wasajili kuchukua hatua wanapopewa ushahidi wa kutosha kwamba kikoa kinatumika kuiba taarifa za watu. Tuma anwani kamili ya ukurasa, picha ya skrini inayoonyesha anwani hiyo, na tarehe na saa ulipoufungua. Picha ya mazungumzo ya WhatsApp peke yake haitoshi. Suala la fedha lipeleke polisi siku hiyohiyo, na polisi wakimhitaji mmiliki watatuandikia wenyewe.