Kushusha gari dogo kwa springi fupi na kulifunga stebilaiza: kinachobadilika chini ya bodi

Kijana aliyeleta Toyota IST yake kwenye karakana ya chuo chetu alikuwa na lalamiko moja tu: kila akikata kona ya kuingia mtaani kwao, upande wa mbele kushoto ulitoa mlio wa chuma, mara moja, kisha kimya. Tulipolinyanyua gari kwa jeki na tairi likaning'inia, springi ililegea kwenye kikombe chake kiasi cha kuzungushwa kwa vidole viwili. Mkia wake ulikuwa umekatwa kwa grainda, na pale palipokatwa chuma kilikuwa na rangi ya buluu, alama ya kuungua. Ile stopa, yaani kipande cha mpira kinachovaa kwenye fito ya shokapu ili kuzuia chuma kisigonge chuma, ilikuwa imebaki unga na makombo ndani ya kava la vumbi. Gari lilikuwa limeshuka sentimita 5, na kusema kweli lilipendeza likiwa limeegeshwa.

Hatupingi kushusha gari. Kazi hiyo ikifanywa kwa vipimo, gari dogo hutulia zaidi kwenye kona na usukani huitika upesi. Tunachotaka mmiliki na fundi wake wakielewe ni kwamba urefu unaoondolewa haupotei bure, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo tairi lilikuwa likiitumia kupanda na kushuka, na nafasi hiyo hulipwa kwa ugumu wa springi, kwa shokapu inayomudu ugumu huo, na kwa stebilaiza, yaani fimbo inayozuia bodi isilale kwenye kona. Anayechukua urefu bila kulipa ndiye anayeishia kutembelea stopa.

Tuchukue mfano wa Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 na ambayo Wamarekani waliuziwa kwa jina la Scion xA, kwa kuwa ndiyo inayojaa barabarani kwetu na muundo wake unafanana na wa magari madogo mengi. Mbele ina shokapu za mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson, ambapo springi na shokapu ni kitu kimoja kinachosimama wima na kubeba pia kazi ya kuliongoza tairi. Nyuma ina boriti moja inayounganisha tairi mbili na kujinyonga kidogo pale tairi moja linapopanda peke yake.

Hesabu ifuatayo si ya kiwanda, ni ya darasani, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tuseme kila tairi la mbele limebebeshwa kilo 280, springi ya asili ina ugumu wa niutoni 20 kwa kila milimita inayobonyezwa, na kutoka gari linaposimama hadi stopa kuguswa kuna nafasi ya milimita 80. Springi hiyo inaweza kumeza jouli (kipimo cha nishati) 64 za nguvu ya tuta kabla ya stopa kuguswa. Tukilishusha gari milimita 30, nafasi inabaki 50, na kwa springi ileile uwezo wa kumeza unaanguka hadi jouli 25. Ili kurudisha zile 64 ndani ya milimita 50 tungehitaji springi yenye ugumu wa niutoni 51 kwa milimita, yaani zaidi ya mara mbili na nusu, na hakuna mtu mwenye mgongo atakayeikubali kwa safari ya kila siku. Springi fupi nzuri ya dukani huwa imeongezewa ugumu wa asilimia 20 hadi 30 hivi. Kwa springi ya niutoni 26 na mshuko wa milimita 30 tunapata jouli 32 na nusu, karibu nusu ya uwezo wa awali; lakini kwa mshuko wa milimita 20 tunapata karibu jouli 47, takriban robo tatu. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeendesha kwenye barabara zenye matuta, akiwa na abiria watano na mizigo ya sikukuu, ni kuishia milimita 20, au 25 akizidi sana. Milimita 10 zinazofuata ni za picha.

Kukata springi ya asili hakufanani na kununua springi fupi, hata kama kwa macho urefu umelingana. Ni kweli kwamba springi hukazika inapokatwa, kwani ugumu wake huongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua, na iliyokuwa na mizunguko 6 ikibakiwa na 5 huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Tatizo ni kwamba moto wa grainda, na hasa wa gesi, unaharibu ukomavu ambao chuma kilipewa kiwandani, mkia uliobaki haukai kwenye kikombe chake, na tairi linaponing'inia springi inakuwa huru. Ikirudi ikiwa imepinda, siku moja itaruka nje ya kiti chake. Kabla ya kulipia springi yoyote, muulize muuzaji kama inabaki imebanwa tairi likining'inia kabisa, na kama hawezi kujibu, tafuta muuzaji mwingine.

Sasa tuje kwenye kona. Wengi hudhani kwamba gari likishuka milimita 25 basi linalala kidogo tu kwenye kona kwa sababu kitovu chake cha uzito kimeshuka. Kitovu kikiwa milimita 550 kutoka ardhini, milimita 25 ni chini ya asilimia 5, na uzito unaohamia tairi za nje hupungua kwa kiasi hichohicho. Wakati huohuo, katika mfumo wa MacPherson, mkono wa chini uliokuwa ukielekea chini kidogo kutoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi unakuwa mlalo, au unapindukia na kuelekea juu. Nukta ambayo bodi hulalia kwenye kona inategemea pembe ya mkono huo, nayo hushuka zaidi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Umbali kati ya nukta hiyo na kitovu cha uzito ndio mkono wa wenzo unaolilaza gari, na sasa umekuwa mrefu zaidi. Kwa hiyo gari lililoshushwa kupita kiasi kwa springi laini linaweza kulala zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani. Wateja hubishana nasi kwa hili mpaka tuwapeleke uwanjani.

Hapo ndipo stebilaiza inapoingia. Ni fimbo ya chuma yenye umbo la U bapa, iliyofungwa katikati kwenye bodi au subfremu (fremu ndogo ya chini ya bodi) kwa bushi mbili (vishikio vya mpira), na ncha zake zikaunganishwa na tairi za pande mbili kwa linki (vijiti vifupi vya kuunganishia). Tairi zote mbili zikipanda pamoja juu ya tuta, fimbo inazunguka tu ndani ya bushi na haifanyi kazi yoyote. Tairi moja likipanda na jingine likishuka, kama inavyokuwa kwenye kona, fimbo inanyongwa, na ule ugumu wa kunyongwa ndio unaozuia bodi isilale. Maana yake ni kwamba inawezekana kupunguza ulalaji bila kuigeuza springi kuwa jiwe, jambo ambalo kwa barabara zetu ni faida kubwa.

Katika kuchagua unene, kumbuka kwamba ugumu wa fimbo huongezeka kwa kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka milimita 20 kwenda 22 ni tofauti isiyoonekana kwa jicho, lakini fimbo imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 46. Fimbo yenye uwazi ndani hesabu yake ni tofauti, nayo isilinganishwe na ya chuma kilichojaa kwa kipenyo cha nje pekee.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko unene wake. Stebilaiza haipunguzi jumla ya uzito unaohamia upande wa nje. Inaamua ni ekseli ipi ibebe sehemu kubwa zaidi ya uhamaji huo. Gari linalovutwa na tairi za mbele kwa kawaida huanza kupoteza mshiko mbele: unakata usukani, pua inaendelea kwenda nje ya kona. Ukikaza mbele zaidi, unaongeza tabia hiyo. Ukikaza nyuma, sehemu ya kazi inahamia tairi za nyuma na pua inaingia. Hivyo kwa gari la aina hii fimbo ya nyuma ndiyo yenye manufaa ya haraka, na ndiyo rahisi kufunga, kwa kuwa ya mbele katika magari mengi madogo hulazimu kuteremsha subfremu na kufungua kiungo cha usukani, ambacho lazima kiwekewe alama ya rangi kabla hakijaguswa. Lakini fimbo nene ya nyuma pamoja na tairi za nyuma zilizokwisha, siku ya mvua, ni mkia unaoponyoka ghafla bila kumpa dereva nafasi. Tairi nzuri ziwe nyuma.

Kabla ya kufungua nati yoyote, egesha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya kila ringi hadi ukingo wa bodi juu yake, na uandike namba nne hizo. Kisha nyanyua na uweke stendi imara chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi. Mbele, fungua linki za stebilaiza za pande zote mbili, toa kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga wakati wa breki), weka alama ya rangi pale shokapu inapokutana na shingo ya tairi, ndipo uondoe bolti zake mbili na nati za juu. Nati ya katikati ya shokapu haiguswi mpaka springi iwe imebanwa na kibano maalumu, na kubana huko kufanyike kwa mkono, kwa zamu, upande huu kidogo na upande ule kidogo. Springi ya niutoni 20 iliyobanwa milimita 150 inahifadhi nguvu ya jouli 225, ambazo ni sawa na jiwe la kilo 23 linaloangushwa kutoka urefu wa mita 1. Uso wa fundi usiwe juu yake.

Springi mpya ikikaa, mkia wake uguse ngazi ya kikombe cha chini, na stopa ikatwe tu pale mtengenezaji wa springi alipoagiza na kwa kipimo alichotoa. Shokapu iliyochoka haifai kurudishwa: springi ikikazwa kwa asilimia 30, shokapu inatakiwa iwe na nguvu zaidi ya kutuliza kwa takriban asilimia 14, na ile iliyokwishavuja haina hata ya kuanzia. Nyuma, kama springi imekaa peke yake kati ya boriti na bodi, kuteremsha boriti taratibu kwa jeki kunatosha, mradi mipira ya breki isivutwe. Kama imevaa kwenye shokapu, kazi ni ileile ya mbele.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa mafundi wazoefu, ni kukaza bolti za bushi za mikono ya chini na za boriti ya nyuma wakati tairi zinaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti yake. Imegandamana nayo, na hunyongwa mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza ikiwa chini, gari linapotua inakuwa imeshanyongwa muda wote, na huchanika mapema. Bolti hizo zilegezwe, gari lishushwe likae kwenye tairi zake, litikiswe, ndipo zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Linki ya pili ya stebilaiza nayo ifungwe wakati huohuo, ili fimbo isibaki imenyongwa hata kwenye barabara iliyonyooka. Gari likishashuka, linki ya asili mara nyingine inakuwa ndefu mno na kuielekeza fimbo kwenye shafti au tairodi (fito inayopeleka usukani kwenye tairi). Linki ya kurekebishwa ndiyo dawa. Bushi za poliyurethani zipakwe grisi ya silikoni, la sivyo zitalia kama kitanda cha zamani.

Baada ya siku chache za kuendesha, springi zikishajikalisha, peleka gari kwenye wili alaimenti, yaani upimaji na urekebishaji wa pembe za tairi. Tairi za mbele huwa zimeegemea ndani na mwelekeo wake umebadilika kwa sababu tairodi zimebadili pembe, na mwelekeo ndio unaokula tairi upesi kuliko huo mwegemeo. Rekebisha pia taa za mbele, kwani pua ikishuka zaidi ya mkia taa humulika karibu mno, na mkia ukishuka zaidi huwapofusha wanaokuja. Kisha jaza gari abiria wanne, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, na mtu mmoja achungulie kwa tochi kama tairi linagusa bodi, kama fimbo inagusa ekzosti, na ni vidole vingapi vimebaki kati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ardhi.