Baiskeli yenye Sura ya Ndege ya Zamani: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Kwetu Kigoma baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, magunia ya mkaa, na mtu juu ya keria nafasi ikipatikana. Ndiyo maana kijana akija na wazo la kuunda baiskeli ya fahari, yenye matairi manene, usukani mpana, bati la alumini linalong'aa na riveti (vipini vya kuunganishia bati) zilizopangwa ubavuni kama ndege ya miaka ya thelathini, watu humzunguka na kila mmoja ana lake la kusema. Mengi si kweli, na mengine yanaweza kumvunja mtu meno.

"Huo ni mtindo wa juzi"

Si wa juzi hata kidogo. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli ya matairi manene, inchi 26 kwa 2.125, mwaka 1933, Marekani ikiwa imebanwa na mdororo wa uchumi. Mwaka uliofuata ikaja Aerocycle, yenye tanki la bati katikati ya fremu lililoundwa kwa kufuata mwili wa ndege, taa ikiwa mbele. Undugu wa baiskeli na ndege ni wa zamani zaidi: Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi baiskeli huko Dayton, Ohio, na ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilizungusha mapanga yake kwa cheni na sproketi (magurudumu yenye meno). Fundi wa Ujiji anayeshika kazi hii asione haya.

"Inchi 26 ni inchi 26"

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tairi la 26 x 2.125 hukaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi la 26 x 1 3/8 linataka rimu ya milimita 590. Yote mawili yameandikwa 26, na hayaingiliani hata ukilazimisha kwa bisibisi. Ukiwa dukani, soma ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari katikati, mfano 54-559. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Namba hiyo ya pili haidanganyi. Habari njema ni kwamba 559 ndiyo rimu ya baiskeli za gia za inchi 26, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza kitu kutoka mbali.

Wengi huchukua fremu ya Phoenix ya inchi 28 na kuivika magurudumu haya. Fremu ile ilitengenezwa kwa rimu ya milimita 635. Ukiweka ya 559, kingo za rimu zinasogea karibu sentimita 4 kuelekea katikati, na breki zake za vyuma haziifikii tena. Pedeli nazo zinashuka kama sentimita 2, zinagonga chini kwenye kona. Foki yenyewe ni nyembamba, tairi nene linakwaruza. Mimi ningetafuta fremu kuukuu ya chuma ya baiskeli ya gia, yenye nafasi ya kutosha na sehemu za kufungia breki tayari.

"Riveti zinashika kila kitu, itazame Liemba"

Meli yetu ya ziwani, Liemba, ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, hatua ya mwisho kwa reli, na bati zake zikaunganishwa kwa riveti hapa hapa Kigoma. Lakini zile ni riveti za chuma zilizopigwa zikiwa za moto, kwenye bati nene zilizokusudiwa kubeba meli. Riveti za mkono za milimita 3.2 tunazonunua dukani, kwenye bati la alumini, zinashika ganda tu, yaani lile bati la nje la urembo, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo usitoboe mabomba ya fremu ili kupachika ganda. Kila tundu kwenye bomba linalobeba uzito ni mahali ufa unapoanzia, na ufa hauonekani chini ya bati. Fungia ganda kwa klempu. Kati ya klempu, bati na fremu, weka ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu: unazuia kelele, na unatenganisha alumini na chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa, na ziwa letu halikosi unyevu.

"Umbo la ndege linaongeza mwendo"

Haliongezi. Kwa mwendo wa kawaida wa baiskeli, sehemu kubwa ya upepo inapigana na mwili wa mwendeshaji, na huo haumo ndani ya ganda. Kufunika gurudumu la mbele kwa bati zima ni hatari zaidi: upepo wa ubavuni kutoka ziwani unakamata lile bati na kukuvuta usukani. La nyuma ukitaka lifunike.

Meno ya papa puani, kama ya ndege za vita? Yapake tu, yanapendeza. Watu husema ni ya Wamarekani waliopigana China, lakini Wamarekani hao waliyaiga kwa kikosi cha ndege cha 112 cha Uingereza kilichokuwa Afrika Kaskazini mwaka 1941, na Wajerumani walikwisha kuyachora kabla yao.

"Breki ya kurudisha pedeli nyuma inatosha"

Tabora, kwenye tambarare, labda. Hapa kwetu kuna mteremko wa kutoka Mwanga hadi stesheni. Breki ile inafanya kazi kupitia cheni. Cheni ikiruka, huna breki, na ganda la bati pamoja na usukani mzito vimeshaongeza kilo za kusimamisha. Weka breki ya mbele ya rimu, waya mpya, mpira mpya, na uijaribu kwanza kwenye barabara tambarare kabla hujafunga bati hata moja.