Si kweli kwamba China bado inakataza mtoto wa pili

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: China inaruhusu mtoto mmoja tu kwa kila familia, na hiyo ndiyo siri ya utajiri wake. Sera hiyo ilikwisha. Tangu Januari 2016 wanandoa waliruhusiwa watoto wawili, na mwaka 2021 wakaruhusiwa watatu. Ukitaka kuhakiki, tafuta sheria ya uzazi ya China iliyorekebishwa Agosti 2021. Faini ya mtoto wa ziada ilifutwa.

Hata enzi zake, sera haikubana wote sawasawa. Kuanzia 1984 familia nyingi za vijijini zilizoanza na binti ziliruhusiwa mtoto wa pili. Mijini ndiko ilikobana hasa, na habari za mijini ndizo zilizotufikia. Wengi wetu tuliisoma shuleni ingali inatumika, ndiyo maana bado tunaiamini.

Kuhusu ile "siri", wastani wa watoto kwa mwanamke ulishashuka kutoka karibu 6 mwaka 1970 hadi chini ya 3 kabla sera haijaanza, kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu huo haikuletwa na sera. Na kinachoniuma ni kwamba ujumbe huo unasifu bila kutaja walioumia: mwaka 1983 pekee watu wapatao milioni 20 walifungwa uzazi, wengi wao wanawake, na wengi walishurutishwa.

Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma, kwa upole, kwamba idadi ya watu China inapungua tangu 2022 na serikali sasa inawahimiza wazae.