Ushahidi wa nje kuhusu Yesu: maana yake ni nini?

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana mwanahistoria anayetafuta habari za mtu wa kale hatosheki na yale yaliyoandikwa na wafuasi wake. Atauliza: je, yupo mwingine aliyemtaja, mtu asiyekuwa na faida yoyote ya kumtaja? Maandishi ya mtu kama huyo ndiyo huitwa ushahidi wa nje. Kwa habari za Yesu wa Nazareti, wa nje ni Waroma waliowadharau Wakristo, na Wayahudi ambao hawakumkubali kuwa Masihi.

Msomaji Mwislamu atauliza mbona Kurani haimo, nayo inamtaja Isa bin Maryamu mara nyingi. Sababu ni ya kikazi tu: Kurani nayo ni maandiko matakatifu, na ilikuja katika karne ya 7, takriban miaka 600 baadaye. Hapa anatafutwa mwandishi aliyekuwa karibu na tukio, ambaye hakuwa akihubiri.

Anayetajwa kwanza huwa ni Tacitus, seneta wa Roma, aliyeandika historia yake ya makaisari karibu na mwaka 116. Katika kitabu cha 15 anasimulia moto ulioteketeza Roma Julai mwaka 64. Watu walinong'ona kwamba Kaisari Nero ndiye aliyeuwasha, naye ili kujinasua akawasingizia Wakristo. Tacitus anaeleza jina lao lilikotoka: lilitokana na Kristo, aliyeuawa na Pontio Pilato wakati Tiberio akitawala. Hapo hapo anaiita imani yao ushirikina wenye madhara. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema alikuwa akiwapigia debe Wakristo, na nguvu ya maneno yake iko hapo.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana dosari ndogo. Anampa Pilato cheo cha prokureta, kimojawapo cha vyeo vya magavana wa Roma. Mwaka 1961, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa Kaisaria, kwenye mwambao wa Bahari ya Kati, walikuta jiwe lenye jina la Pilato. Lilikuwa limegeuzwa na kutumika kujengea ngazi za jumba la michezo. Cheo kilichochongwa juu yake ni prefekti, cheo kingine cha gavana. Inaelekea Tacitus alitumia cheo cha magavana wa siku zake, na kwa maoni yangu hiyo ni dalili kwamba hakuwa na jalada la kesi mbele yake. Yawezekana alisikia tu yaliyokuwa yakijulikana Roma, yakiwemo ya Wakristo wenyewe. Basi ni shahidi mzuri, lakini si wa kuona kwa macho.

Kuna na jambo la wanakili. Nakala ya zamani kuliko zote tuliyo nayo ya sehemu hiyo iliandikwa kwa mkono katika karne ya 11, nayo imehifadhiwa Florence. Ukiitazama kwa makini, neno linalowataja Wakristo lilianza kuandikwa kwa e, yaani "Chrestianos", kisha mtu akaikwangua herufi hiyo ikawa i. Habari yenyewe haikuguswa. Lakini inakukumbusha kwamba kati yetu na Tacitus wamepita watu wenye kalamu na kisu cha kukwangulia.

Jambo hilo linakuwa zito zaidi kwa Josephus. Huyu alikuwa Myahudi wa ukoo wa kikuhani, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37. Alipigana na Waroma, akatekwa, akaishia kuishi Roma chini ya ulinzi wa makaisari. Katika historia ndefu ya Wayahudi aliyoimaliza karibu na mwaka 93, anamtaja Yesu mara mbili.

Katika kitabu cha 18 kuna aya fupi inayosema alikuwa mwenye hekima, mtenda maajabu, kwamba Pilato alimhukumu msalaba, na kwamba alionekana tena hai siku ya tatu. Katikati yake pana maneno haya: "Huyo alikuwa Kristo." Hapo ndipo wasomi wanapokuna kichwa. Myahudi anayekiri kwamba Yesu ndiye Kristo, yaani Masihi, angebaki Myahudi wa aina gani? Tena Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3 aliyemsoma Josephus, anasema waziwazi kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo. Wa kwanza tunayemjua kuinukuu aya hiyo ni Eusebius, karne ya 4. Wasomi wengi wanaona kwamba Josephus aliandika jambo fulani kuhusu Yesu, kisha mnakili Mkristo akaongeza chumvi. Wako pia wanaosema aya nzima ilipachikwa.

Aya ya pili, katika kitabu cha 20, ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu haina haraka ya kuthibitisha chochote. Ni mwaka 62. Gavana Festo amefariki, mrithi wake Albinus bado yuko njiani. Kuhani mkuu Ananus anaitumia nafasi hiyo: anaitisha baraza, anawashtaki watu kadhaa na kuwatoa wapigwe mawe. Miongoni mwao ni "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo". Sikiliza hilo "aitwaye". Mwumini angeandika "Bwana wetu". Josephus anaandika kama mtu anayetaja lakabu ya jirani. Na alihitaji kuitaja, kwa sababu Yesu lilikuwa jina la kawaida. Katika kisa hicho hicho, Ananus anavuliwa ukuhani na nafasi yake inachukuliwa na Yesu mwingine, mwana wa Damneus.

Wengine nawapitia upesi. Plinio Mdogo, akiwa gavana wa Bithinia, katika Uturuki ya leo, karibu na mwaka 112, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo inatueleza habari za Wakristo kuliko za Yesu. Suetonius, mwandishi Mroma wa habari za makaisari, anasema Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma kwa sababu ya fujo zilizochochewa na "Chrestus". Huenda ni Kristo, huenda ni mtu mwingine kabisa, na mimi nisingejenga nyumba juu ya sentensi hiyo. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamtaja Yeshu aliyetundikwa mkesha wa Pasaka, lakini ilikusanywa karne nyingi baadaye.

Ukivijumlisha, unapata mtu wa Uyahudi aliyeitwa Kristo, aliyekuwa na ndugu jina lake Yakobo, akauawa chini ya Pilato. Wanahistoria wengi, wenye dini na wasio na dini, hawana shaka na hayo. Kufufuka kwake hakupimwi kwa kipimo hiki. Wanaolalamika kwamba ushahidi ni kidogo wamtazame Pilato mwenyewe: alitawala miaka kumi hivi, lakini hakuna hata barua moja ya ofisi yake iliyosalia. Tuna sarafu zake, lile jiwe la Kaisaria, na maneno ya waandishi wachache.

Upungufu huo ndio uliowatamanisha watu kutunga. Iko barua inayodaiwa kuandikwa na Lentulus, gavana wa Uyahudi kabla ya Pilato, ikieleza sura ya Yesu hadi rangi ya nywele na jinsi zilivyogawanywa katikati ya utosi. Ilitungwa katika Zama za Kati. Gavana aliyemtangulia Pilato aliitwa Valerius Gratus.