Vipimo safi, mbona wavu hauvutiki?

Watu wakisikia habari ya kumtazama mgonjwa kama mtu kamili, sio kiungo kimoja, wanadhani ni mitishamba na mafuta ya kujichua, hapana jamani, kwenye falsafa ya tiba (ndo ninayofundisha) hili ni swali gumu kweli: anayeumwa ni nani, kiungo au mtu?

Chukua mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, mgongo unamsumbua, eksirei safi, damu safi, mkojo safi, ila giza likiingia wenzake wanawasha taa wanaingia ziwani, yeye kabaki nchi kavu kwa sababu wavu hawezi kuuvuta. Ukimfuata Christopher Boorse, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeandika mwaka 1977, utatafuta kiungo kinachofanya kazi chini ya kawaida ya watu wa umri na jinsia yake, usipokiona ndo umekwama hapo.

Lennart Nordenfelt, mwanafalsafa wa Uswidi (1987), yeye anaanzia kwa mtu mwenyewe, una afya kama katika mazingira ya kawaida unaweza kutimiza malengo yako makuu, yale ambayo bila hayo huwezi kuwa na furaha hata kidogo. Kwa hiyo mvuvi wetu afya yake imepungua, eksirei itake isitake, ila mama mwenye sukari anayemeza dawa zake vizuri, alfajiri yuko mchangani anaanika dagaa, jioni yuko kikoba, huyo yuko vizuri na ugonjwa wake anao vilevile. Hapo wanafunzi huwa wanakuna vichwa.

Mimi niko upande wa Nordenfelt, ila si moja kwa moja. Presha haipigi hodi bana, mtu anavuta wavu usiku kucha na kupiga soga kumbe mashine ingesoma 190 kwa 110, ukimuuliza uwezo tu utamruhusu aende zake akapate kiharusi. Nordenfelt naye analijua hilo, kwake maradhi ni kitu kinachoelekea kuipunguza afya hata kama bado hujahisi.

Afu kuna WHO, Shirika la Afya Duniani, katiba yao ya 1946 inasema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, sio kukosa maradhi tu. Tamu kusikia, lakini ukiishika neno kwa neno hata anayedaiwa kodi ya nyumba ni mgonjwa, sa utamwandikia dawa gani?

Mvuvi akirudi ziwani kushika injini badala ya kuvuta wavu, mgongo bado unauma, Nordenfelt atasema afya imepanda, Boorse ataniuliza kiungo gani kimebadilika. Kwenye faili mi naandika: maumivu yapo, kazini karudi.